Gharama ya Kugeuza Chanya Kuwa Hasi

Tarehe 12 Mei 1937 London ilikuwa inamvisha taji Mfalme George wa Sita. BBC, ambayo huduma yake ya televisheni ilikuwa na umri wa miezi sita tu, iliamua kuonyesha msafara wa mfalme ukipita. Kamera ziliwekwa Hyde Park Corner, katikati ya jiji. Mtambo wa kurushia matangazo ulikuwa Alexandra Palace, juu ya kilima upande wa kaskazini, zaidi ya kilomita 10 kutoka hapo. Picha ilipaswa kusafiri ndani ya kebo iliyopita katika jiji lenye treni za umeme, lifti, mota za viwanda na mitambo ya simu, na kila kimoja kilimwaga kelele zake za umeme kwenye waya wowote uliokuwa jirani. Kwenye simu, kelele kidogo husikika kama mkwaruzo na watu huendelea na mazungumzo yao. Kwenye televisheni kelele hiyo hiyo inaonekana kwa macho: chenga, mistari, picha inayotetemeka.

Wahandisi walitumia kebo ya nyaya mbili zinazofanana kabisa. Picha haikubebwa na waya mmoja. Ilibebwa na tofauti iliyokuwapo baina ya nyaya hizo mbili. Kelele za mtaani ziliingia kwenye nyaya zote mbili kwa kiasi kilekile, kwa hiyo tofauti yenyewe haikuguswa. Kilichobaki ni kupata, mwisho wa kebo, saketi inayosoma tofauti peke yake na kupuuza kile ambacho nyaya zote mbili zinacho kwa pamoja. Alan Blumlein wa kampuni ya EMI, kijana wa miaka 33 ambaye tayari alikuwa na hataza ya sauti ya stirio aliyoiomba mwaka 1931, alikuwa ameomba hataza ya saketi hiyo Julai 1936.

Ilikuwa saketi rahisi kuchora. Vali mbili za kioo zinasimama bega kwa bega, miguu yao imefungwa pamoja, na kutoka hapo inashuka resista moja kubwa hadi kwenye umeme hasi. Resista hiyo ndiyo iliyoipa saketi jina lake, jozi ya mkia mrefu. Mkia ukiwa mrefu, yaani resista ikiwa kubwa, jumla ya mkondo unaopita kwenye vali zote mbili haibadiliki sana. Vali hizo ni kama ndugu wawili wanaogawana urithi usioongezeka: anachozidishiwa mmoja, mwenzake amepunguziwa. Volti zikipanda kwenye vali ya kushoto peke yake, mkondo unahamia kushoto. Zikipanda kwa pamoja kwenye vali zote mbili, hakuna wa kumnyang'anya mwenzake, na karibu hakuna kinachotokea. Kelele za treni zinafia hapo, na picha inapita.

Saketi hiyo ilikuwa na sifa nyingine ambayo siku ya taji haikuwa na kazi kubwa. Kila wakati inatoa matokeo mawili, moja chanya na jingine kinyume chake, kwa pamoja na kwa ukubwa uleule. Mtu akitaka ishara iliyogeuzwa, haina haja ya kutengenezwa, maana tayari ipo upande wa pili. Kilichobaki ni kuchagua upande. Historia ninayoisimulia imefungwa kwenye tendo hilo la kuchagua: kuruka kutoka chanya kwenda hasi na kurudi, mara maelfu au mamilioni kwa sekunde, bila kuacha alama. Katika hesabu ni kuzidisha kwa moja hasi, jambo la mtoto wa shule ya msingi. Katika waya na chuma, hakuna aliyelifanya bila kulipa.

Blumlein mwenyewe alilipa kwa volti. Mkia mrefu ndio unaoleta usafi, lakini mkondo wa miliampea 5 ukipita kwenye resista ya kiloomu 100 unakula volti 500 kabla vali hazijafanya kazi yoyote. Kila aliyetumia jozi hiyo ilibidi aamue usafi wa kiasi gani unatosha, kwa sababu kila hatua ya usafi ilidai umeme mwingine. Hakuwa peke yake katika wazo hilo. Bryan Matthews wa Cambridge alikuwa amechapisha mwaka 1934 amplifaya ya tofauti kwa ajili ya kupima umeme mdogo wa mishipa ya fahamu. Lakini ni mchoro wa Blumlein uliosambaa. Yeye hakuuona ukifika mbali. Tarehe 7 Juni 1942 ndege aina ya Halifax iliyokuwa ikijaribu rada ya H2S ilianguka karibu na Welsh Bicknor, mpakani mwa Uingereza na Wales, na watu wote 11 waliokuwamo wakafa, naye akiwa mmojawao. Alikuwa na miaka 38, na kwa kuwa rada ilikuwa siri ya vita, umma haukuambiwa wakati huo amefia wapi wala kwa kazi gani.

Ng'ambo ya Atlantiki, kugeuza chanya na hasi kulikuwa tayari kazi ya kila siku, ila kwa njia tofauti kabisa. Kampuni za simu za Marekani zilitaka kupitisha mazungumzo mengi kwenye jozi moja ya waya. Njia ilikuwa kupandisha kila sauti kwenye masafa yake, na njia safi ya kupandisha ni kuigeuza sauti kichwa chini miguu juu kwa kasi kubwa. Chukua sauti ya kilohezi 1. Igeuze kutoka chanya kwenda hasi na kurudi mara 100,000 kwa sekunde. Kinachotoka si kilohezi 1 tena. Yanatoka masafa mawili, kilohezi 99 na kilohezi 101, na ile 100 yenyewe, wimbi mbebaji ambalo halina habari yoyote ndani yake, haipo. Haipo kwa sababu nusu ya muda ilijumlishwa na nusu ya muda ilitolewa kwa kiasi kilekile. Endapo nusu hizo hazilingani, mbebaji anavuja, na hilo ndilo donda ndugu la fani hii nzima.

Frank Cowan wa kampuni ya simu ya AT&T aliomba hataza mwaka 1934 kwa saketi ya dayodi nne zilizopangwa kwa duara, zote zikielekea upande mmoja, na transfoma moja kila upande. Wimbi mbebaji lenye nguvu linapokuwa chanya, dayodi mbili zinafunguka na sauti inapita moja kwa moja. Linapokuwa hasi, zinafunguka zile mbili nyingine, ambazo zimeunganishwa kwa kupishana, na sauti inatoka imegeuka. Hakuna vali, hakuna umeme wa kuilisha, hakuna kinachochakaa haraka. Kwa dayodi ndogo za oksidi ya shaba saketi ya namna hii ilikaa kwenye makabati ya vituo vya simu kwa miaka mingi, ikipanga mazungumzo 12 kwa kundi moja, kila moja na kilohezi zake 4, kutoka kilohezi 60 hadi 108.

Naipenda saketi ya Cowan kuliko zote kwa uwazi wake, lakini ankara yake ni ndefu. Haikuzi kitu. Hata ikiwa kamilifu, masafa unayoyataka yanatoka yamepungua kwa desibeli 3.9, kwa sababu kugeuza kwa ghafla kunamwaga nguvu pia kwenye masafa usiyoyaomba: mara tatu ya mbebaji, mara tano, mara saba, na kuendelea. Transfoma ni nzito na hazipendi masafa ya chini. Mbebaji lazima awe na nguvu kuliko sauti, la sivyo sauti yenyewe inaanza kufungua dayodi. Na dayodi nne lazima zifanane. Hakuna kiwanda cha wakati huo kilichotoa dayodi nne zinazofanana bila mtu kukaa na kuzichambua.

Baada ya vita, kugeuza chanya na hasi kulipata kazi ambayo wahandisi wa simu hawakuifikiria, nayo ni kusikia vitu vilivyo dhaifu kuliko kelele za chombo chenyewe. Robert Dicke, aliyefanya kazi ya rada kwenye Radiation Laboratory ya MIT, alichapisha mwaka 1946 maelezo ya kipokezi cha kupimia joto kwa mawimbi mafupi ya redio. Shida yake haikuwa kelele tu. Amplifaya zilikuwa zinayumba: nguvu zake zilipanda na kushuka polepole kadiri zinavyopata moto, na kuyumba huko kulizidi mara nyingi kile alichokuwa anakipima. Dicke aliweka kizuizi kinachozunguka mara 30 kwa sekunde, hivyo kipokezi kikaangalia antena, kisha kitu chenye joto linalojulikana, kisha antena tena. Mwisho wa mnyororo aliweka saketi inayogeuza upande kwa kufuata mzunguko uleule. Antena ikajumlishwa, kile kingine kikatolewa. Kuyumba kwa amplifaya kulikuwamo katika nusu zote mbili, kwa hiyo kulijifuta kwenyewe.

Alilipa nusu ya uwezo. Kipokezi cha Dicke kinaiangalia antena nusu ya muda tu, na kwa kuwa kinatoa kitu chenye kelele kutoka kwenye kitu chenye kelele, kosa lake linakuwa mara mbili ya kipokezi kamilifu kisichoyumba. Kipokezi kamilifu kisichoyumba hakikuwapo duniani, kwa hiyo biashara ilikuwa halali. Martin Ryle wa Cambridge aliipunguza ankara hiyo mwaka 1952. Alikuwa na antena mbili zinazoangalia anga kwa pamoja, naye badala ya kuifunika mojawapo aliingiza na kutoa kipande cha kebo chenye urefu wa nusu ya wimbi. Kipande hicho kilitosha kugeuza upande wa antena moja. Mwanga wa jumla wa anga ulijifuta, nyota ya redio ikabaki, na hakuna antena iliyokaa bila kazi. Ryle alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1974 pamoja na Antony Hewish.

Katikati ya hao wawili, mwaka 1949, Edwin Goldberg wa RCA alitumia hila ileile ndani ya amplifaya yenyewe. Kugeuza kulifanywa na chuma kinachotetemeka, na kwa kuwa chuma hakiwezi kutetemeka haraka, aligawa ishara njia mbili: sehemu ya polepole ikapita kwenye chuma na kusafishwa, sehemu ya haraka ikapita pembeni bila kuguswa. Wazo la kugawa njia lilikuwa la busara sana, na liliishi muda mrefu kuliko vyuma vyake.

Watu wa pwani yetu waliishi na saketi ya aina hii sebuleni bila kuambiwa. Mfumo wa televisheni ya rangi wa Marekani wa mwaka 1953 ulibeba rangi katika muda wa wimbi, yaani wimbi likichelewa kidogo njiani, nyuso za watu zinakuwa za kijani au za zambarau. Walter Bruch wa kampuni ya Telefunken alionyesha dawa yake mjini Hannover Januari 1963. Alichukua moja ya sehemu mbili zinazounda rangi na kuigeuza kutoka chanya kwenda hasi kila mstari wa picha, na kuitaka televisheni iigeuze tena inapoipokea. Wimbi likichelewa, mstari wa kwanza unakosea upande huu na mstari wa pili unakosea upande ule, na wastani wa mistari miwili unarudi kwenye rangi sahihi. Mfumo huo ndio PAL. Mistari ni 15,625 kwa sekunde, na kila mstari ni mgeuko. Televisheni Zanzibar ilipoanza mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati nchi nyingi za Afrika zilikuwa bado na picha nyeusi na nyeupe au hazina televisheni kabisa, ilianza moja kwa moja na rangi, na rangi yenyewe ilikuwa ya PAL.

Bruch naye alilipa. Ili kupata wastani wa mistari miwili, televisheni lazima ikumbuke mstari uliopita kwa mikrosekunde 64, na kumbukumbu ya siku hizo ilikuwa kipande cha kioo ambacho ishara ilipita ndani yake kama mtetemo wa sauti. Kioo hicho kiliongeza bei ya kila seti. Rangi ilipoteza sehemu ya ukali wake kutoka juu kwenda chini. Kosa la nyuzi 10 halikubadilisha tena aina ya rangi, lakini lilipunguza ukolevu wake kwa asilimia moja na nusu hivi. Na endapo chanya na hasi havikulingana ndani ya seti, kosa lilijichora kwenye kioo cha televisheni: mistari mistari ya rangi inayopishana, ambayo mafundi wa Ulaya waliipa jina la mji ule wa Hannover. Sijui mahali pengine ambapo kutolingana kwa pande mbili za saketi kulionekana wazi hivyo na mtu aliyekaa kwenye kochi.

Mwaka huohuo wa 1963, mwezi Juni, mhandisi Mmarekani aitwaye Howard Jones aliomba hataza iliyozirudisha pamoja njia mbili zilizokuwa zimetengana, jozi ya Blumlein na kupishana kwa Cowan. Alipewa hataza hiyo Machi 1966. Kwenye mchoro wake kuna jozi moja ya transista chini na jozi mbili juu yake. Jozi ya chini inapokea ishara na kuigeuza kuwa mikondo miwili iliyo kinyume, mmoja ukizidi pale mwenzake unapopungua. Jozi za juu zinapokea wimbi mbebaji, na mitoko yake imeunganishwa kwa kupishana. Mbebaji akiwa chanya, mkondo wa kushoto unatoka kushoto na wa kulia unatoka kulia. Akiwa hasi, wanabadilishana. Hakuna mkondo unaozuiwa mahali popote. Unaelekezwa tu huku au kule, na ndiyo sababu saketi hii ni nyepesi ya miguu. Mbebaji anafika kwenye mitoko yote miwili kwa kiasi kilekile na kwa hiyo haonekani kwenye tofauti yake. Haina transfoma. Tena inakuza.

Lakini angalia kwa karibu kinachotokea ndani ya jozi moja ya transista. Kwenye joto la kawaida la chumba, tofauti ya milivolti 18 tu baina ya transista mbili inatosha kuufanya mkondo wa moja uwe mara mbili ya mwenzake. Kwa milivolti 60 inakuwa mara kumi, na kwa 120 inakuwa mara mia. Kwa jozi za juu hii ni baraka: msukumo mdogo, na mkondo wote umehamia upande wa pili. Kwa jozi ya chini tabia hiyohiyo ni balaa, maana ishara inayotakiwa kupita bila kupinda tayari imepinda ikifika milivolti 50. Transista zilezile, kwenye kipande kilekile, zinatakiwa juu ziwe swichi kali na chini ziwe laini na nyoofu.

Dawa ya jozi ya chini ni resista miguuni. Inanyoosha, lakini inapunguza ukuzaji na kuleta kelele zake za joto. Ukiongeza mkondo ili kufidia, betri inaisha mapema na resista za juu zinakula volti nyingi zaidi. Halafu kuna urefu wa mnara wenyewe: chanzo cha mkondo, jozi ya chini, jozi za juu, resista za mzigo, kila ghorofa ikidai sehemu yake ya volti. Kwenye volti 12 hakuna anayelalamika. Kwenye volti 3 kila ghorofa inabanwa.

Na kuna suala la kufanana. Volti za kuwashia transista hushuka kwa takriban milivolti 2 kwa kila nyuzi moja ya joto. Ukizijenga jozi za Jones kwa transista za dukani, moja ikikaa karibu na resista yenye moto, mizani imeharibika kabla hujaingiza ishara. Wazo la Jones lilihitaji silikoni. Katikati ya miaka ya 1960 Bob Widlar wa Fairchild alikuwa ameonyesha, kwa chipu zake za µA702 na µA709, kwamba ndani ya kipande kimoja cha silikoni ni vigumu kupata resista sahihi lakini ni rahisi kupata transista mbili pacha, zilizozaliwa pamoja na zinazogawana joto moja. Usawa ambao Cowan aliutafuta kwa kuchambua dayodi ulianza kupatikana karibu bure.

Hapa ndipo Barrie Gilbert anapoingia. Alizaliwa Bournemouth mwaka 1937 na kuhamia Oregon mwaka 1964 kufanya kazi kwa Tektronix, watengenezaji wa oskiloskopu. Desemba 1968 alichapisha katika jarida la IEEE la saketi za silikoni kizidishi chenye mwitikio wa chini ya nanosekunde moja. Ukitazama mchoro, utaona jozi za Jones zilizopishana. Hata hivyo lengo la Gilbert lilikuwa jingine. Hakutaka kuruka kati ya chanya na hasi; alitaka kuteleza baina yake kwa usahihi, kuzidisha namba yoyote kwa namba yoyote. Alizitanguliza dayodi zinazopindisha ishara kinyume na vile transista zitakavyoipindisha, ili mpindo mmoja uufute mwingine. Huo ndio uliokuwa ugunduzi wake, na ulikuwa mkubwa. Dunia ikalichukua jina lake na kulibandika kwenye saketi ya swichi, ile ya Jones, na vitabu vya vyuo bado vinaiita seli ya Gilbert. Gilbert mwenyewe, aliyefariki mwaka 2020, aliandika kwamba Jones alimtangulia. Nadhani ingefaa wahariri wa vitabu wamsikilize. Jones hakuacha makala maarufu wala hakuwa na jukwaa, ila tarehe zake zimo kwenye hataza na kila mtu anaweza kuzisoma.

Motorola waliiweka saketi ya Jones kwenye chipu ya bei nafuu, MC1496, na hiyo ndiyo iliyoingia kwenye mikono ya watu wa kawaida. Waliotengeneza chipu hiyo hawakuyafanya maamuzi yote kwa niaba ya mtumiaji. Waliacha miguu miwili wazi ili kila mtu aweke resista yake ya kunyoosha jozi ya chini, na mguu mwingine wa kuchagua mkondo. Karatasi yake ya maelezo inasema mbebaji anapunguzwa kwa desibeli 65 kwenye kilohezi 500, yaani kinachovuja ni sehemu moja hivi kati ya 1,800. Kwenye megahezi 10 zinabaki desibeli 50, sehemu moja kati ya 300 na ushei. Transista hazijabadilika; kilichoongezeka ni uvujaji kupitia kapasita ndogo zisizochorwa, zile zilizopo baina ya kila waya na jirani yake. Ukimpa mbebaji nguvu zaidi ili swichi zikate upesi, uvujaji huo unaongezeka. Ukimpunguzia, swichi zinachelewa katikati, mahali ambapo transista zote mbili zimewaka na kelele za zote mbili zinatoka nje. Wapenzi wa redio waliojijengea mitambo yao walijua kuzungusha resista ndogo ya kurekebisha, polepole, hadi mbebaji azame chini kabisa, na walijua pia kwamba mtambo ukipata moto atainuka tena.

Kwa ishara za polepole ilikuwapo njia nyingine, ambayo ilienea amplifaya za chipu ziliposhuka bei. Inahitaji amplifaya moja, resista mbili zinazolingana kwenye mlango hasi, resista ya tatu kwenye mlango chanya, na transista moja ya kuuzima mlango chanya kwa kuufunga chini. Transista ikiwa imezimwa, hakuna mkondo unaopita kwenye zile resista mbili, kwa hiyo ishara inatoka kama ilivyoingia hata resista zikiwa mbovu kiasi gani. Ikiwashwa, ishara inatoka imegeuka, na sasa usahihi wote unategemea resista hizo. Chanya ni kamilifu, hasi ni ya kubahatisha. Tuseme resista zote ni kiloomu 10 na transista iliyowashwa bado ina oomu 100. Asilimia moja ya ishara inabaki kwenye mlango chanya, amplifaya inaizidisha mara mbili, na badala ya moja hasi unapata 0.98 hasi. Ukipandisha resista hadi kiloomu 100, kosa linashuka hadi asilimia 0.2, lakini pikofaradi 10 tu za kupotea njiani zitaichelewesha saketi kwa mikrosekunde nzima, na kelele za resista zitapanda. Zaidi ya hayo, upande wa chanya saketi haimlemei anayeilisha, na upande wa hasi inamlemea. Chanzo kikiwa dhaifu, pande mbili hazitalingana tena. Analog Devices, kwenye chipu yao ya AD630, waliikwepa transista hiyo kabisa: waliweka milango miwili kamili ya tofauti na kuwasha mmoja huku wakizima mwingine, ili swichi isikae kwenye njia ya ishara. Walilipa kwa silikoni nyingi zaidi, na kwa ulazima wa kuilinganisha milango hiyo miwili.

Simu za mkononi zilizipeleka seli za Jones kwenye mifuko ya watu, na hapo ankara mpya ikatokea. Simu za bei nafuu zilihitaji redio ijengwe kwa transista za MOS, zilezile za kompyuta, na transista hizo zina kelele nyingi kwenye masafa ya chini kabisa, pale ambapo redio inayoshusha ishara moja kwa moja huiweka sauti yake. Mwaka 2000 Hooman Darabi na Asad Abidi wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walieleza kelele hiyo inapitia wapi. Inasogeza saa ya kugeuka. Swichi inageuka mapema kidogo au kuchelewa kidogo, na kwa muda huo mfupi mkondo wote wa mnara unatoka upande usio wake. Maelezo yao yalizifanya tiba zote zionekane pamoja na bei zake: punguza mkondo wa swichi na upoteze ukuzaji, fanya mbebaji awe mkali zaidi na ule betri, au tumia transista kubwa zenye kelele ndogo na uzichoshe kwa kapasita zake zenyewe.

Wabunifu wengi waliamua kuuondoa mkondo. Walichukua transista nne za MOS, bila umeme wa kudumu kupita ndani yake, wakazipanga zikipishana kama dayodi za Cowan, na zikawa swichi tupu. Kelele za masafa ya chini zilishuka kwa kiasi kikubwa na unyoofu ukarudi. Ukuzaji ukatoweka, hivyo kazi yote ikaiangukia amplifaya iliyo mbele. Saa za kuendesha swichi zililazimika kugawanywa kwa robo nne zisizogusana, kwa sababu robo mbili zikipishana hata kidogo, njia mbili za ishara zinaunganishwa pamoja na kuharibiana.

Tena swichi tupu inapitisha pande zote mbili. Kapasita iliyoko nyuma yake inaonekana hadi kwenye antena, ikiwa imepandishwa kwenye masafa ya saa. Mwanzoni hilo lilihesabiwa kuwa ila, maana mnara wa Jones haukuruhusu cha nyuma kionekane mbele. Kisha wabunifu wakarudi kwenye makala ya 1960 ya Franks na Sandberg wa Bell, walioonyesha kwamba kapasita kadhaa zinazobadilishwa kwa zamu zinafanya kazi ya chujio kali ambalo kitovu chake kinafuata saa popote inapokwenda. Swichi zilezile zinazogeuza ishara zikaanza kutumika pia kuchagua kituo cha redio pale pale kwenye mguu wa antena, nazo zikadai saa safi zaidi, transista pana zaidi, na umeme wa kuzisukuma ambao unaongezeka kwa kila megahezi inayopandishwa.